Wageni hulipa kuona mti, lakini mti wenyewe hauna watoto

Kuna watu wanaopanda ndege na kuvuka bahari, wakalipia hoteli, gari na farasi, si kwa ajili ya kumwona simba wala kuota jua ufuoni, bali kutazama miti ya jamii ya mnazi iliyojiotea porini. Kwa mkulima aliyezoea kuukwea mnazi ili aangushe nazi za kuuza, jambo hili laweza kuonekana kama mzaha. Lakini fedha wanazoacha huko waendako si za mzaha, na wafugaji wa milima ya Kolombia, Amerika Kusini, ni mashahidi.

Wapenzi wa miti hii wana chama chao, International Palm Society, kilichoanzishwa mwaka 1956 na Dent Smith wa Florida, Marekani. Humo mna wataalamu wa mimea, wenye vitalu vya miche, watunza bustani na watu wa kawaida wanaopenda tu miti. Kwa kawaida, kila baada ya miaka miwili hukutana katika nchi moja na kuzuru misitu yake. Mwaka 2012 walikwenda Thailand, mwaka 2016 wakaenda Borneo, na mwaka 2018 zamu ikawa ya Kolombia.

Hawakuichagua nchi hiyo kwa kubahatisha. Duniani kuna aina zipatazo 2,500 za miti ya jamii hii, ambamo mna mnazi, mtende, mchikichi, mvumo na mkoma. Bara la Afrika, ukiondoa Madagaska na visiwa vingine, lina aina 65 hivi. Kolombia peke yake ina takriban 250.

Mrefu kuliko minazi yote

Unaowavutia wageni wengi zaidi ni ule ambao Wakolombia huuita palma de cera, yaani mti wa nta. Hauoti pwani kwenye joto, bali milimani, kati ya mita 2,000 na 3,000 juu ya usawa wa bahari, kwenye ukungu na baridi. Unaweza kufikia mita 60, sawa na jengo la ghorofa 20 hivi. Hakuna mti mwingine wa jamii ya mnazi unaoufikia kwa urefu.

Shina lake limepakwa nta nyeupe. Mtaalamu wa Ujerumani, Alexander von Humboldt, alipopita katika milima ya Quindío mwaka 1801 alistaajabu kuukuta. Baadaye watu walikuwa wakikwangua nta hiyo na kutengenezea mishumaa, mpaka umeme ulipofika na biashara hiyo ikafa.

Mwaka 1985, kwa Sheria Namba 61, Kolombia iliutangaza kuwa mti wa taifa na kupiga marufuku kuukata. Kwa mfugaji mwenye miti hiyo shambani, hapo mti ukawa kama mgeni asiyefukuzika: haukatwi, hauuzwi, na nta yake haina mnunuzi.

Wageni ndio waliobadili hesabu. Katika mji mdogo wa Salento, magari ya zamani aina ya Willys husubiri abiria uwanjani na kuwapeleka bonde la Cocora, ambako miti ya nta imesimama katikati ya malisho. Huko kuna wanaokodisha farasi, wanaoongoza wageni, wanaouza kahawa, na wenye mikahawa inayopika samaki aina ya trauti wanaofugwa kwenye maji baridi ya milimani. Mti mmoja uliosimama umegawa riziki kwa watu wengi ambao hawana hata mche mmoja wa kwao.

Amani ilifungua bonde

Ng'ambo ya milima, katika jimbo la Tolima, kuna bonde la Tochecito. Hapo ndipo penye miti mingi zaidi ya nta, inayokadiriwa kuwa mamia ya maelfu. Kwa miaka mingi wataalamu na watalii hawakuthubutu kufika, kwa sababu eneo lilikuwa mikononi mwa waasi wa FARC. Serikali na waasi hao walitia saini mkataba wa amani Novemba 2016, na njia ikafunguka. Wafugaji waliokuwa wakitegemea maziwa na ng'ombe tu wakaanza kupokea wageni.

Karibu na hapo, wakazi wa mji wa kilimo wa Cajamarca walipiga kura Machi 2017 kuhusu uchimbaji wa madini katika eneo lao, ambako kulikuwa na mradi mkubwa wa dhahabu. Asilimia 98 hivi ya waliopiga kura walisema hapana. Walichagua kubaki na maji yao na mashamba yao.

Kula mtaji

Hata hivyo, biashara hii ina ufa ambao mgeni wa siku moja hauoni. Picha nzuri za Cocora ni za miti mirefu iliyosimama peke yake juu ya nyasi. Mkulima mwenye jicho atauliza mara moja: watoto wake wako wapi?

Hawapo. Msitu ulipofyekwa ili kupata malisho, miti mikubwa iliachwa. Kila mwaka huangusha mbegu, na mbegu huota. Lakini mche mchanga wa mti wa nta unahitaji kivuli. Ukichomoza juani hukauka, na unaosalimika huliwa na ng'ombe au kukanyagwa. Tena mti huu haukui haraka: hukaa miongo kadhaa kabla haujatoa shina juu ya ardhi. Isitoshe, kama mpapai na mtende, uko dume na jike, hivyo mti mmoja ukibaki peke yake hauzai.

Maana yake ni kwamba miti inayoleta fedha leo ni wazee watupu. Wanaanguka mmoja mmoja, na hakuna wa kushika nafasi zao. Mtaalamu wa mimea wa Kolombia, Rodrigo Bernal, ameonya juu ya jambo hili kwa miaka mingi. Kwa lugha ya dukani, bonde linakula mtaji na kudhani ni faida.

Malisho mengi ya nyanda za juu za Kolombia ni ya nyasi za kikuyu, ambazo asili yake ni Afrika Mashariki. Nyasi zilezile zinazomnenepesha ng'ombe ndizo zinazosonga miche.

Dawa inajulikana, ila inataka subira. Miche hukuzwa kwenye kitalu chenye kivuli, kisha sehemu ya shamba huzungushiwa uzio ng'ombe wasiingie, na miti mingine huachwa iote ili iwe mwavuli. Mfugaji hupoteza malisho kidogo leo ili mjukuu wake awe na kitu cha kuwaonyesha wageni.

Kwamba mambo huweza kugeuka, kasuku mwenye masikio ya njano ni ushahidi. Ndege huyu hutaga ndani ya mashina makavu ya mti wa nta. Alidhaniwa karibu ametoweka, hadi Aprili 1999 walipopatikana 81 huko Tolima. Desturi ya kukata makuti machanga ya mti huo kwa ajili ya Jumapili ya Matawi ilikuwa ikiiumiza miti. Watetezi wa ndege walishirikiana na Kanisa, waumini wakahimizwa kutumia majani mengine, na viota vikalindwa. Sasa ndege hao wamepita elfu moja.

Funzo kwa mkulima

Si kila kijiji kitapata wageni wa kigeni, na anayetaka kuwavutia asianze na kujenga hoteli. Wapenzi wa mimea huhitaji kwanza mwongozaji anayejua miti kwa majina, njia inayopitika, chakula kisafi na mahali salama pa kulala. Anayetaka kuwauzia mbegu ajue kwamba mbegu hazivuki mpaka bila cheti cha afya ya mimea, na baadhi ya aina zinahitaji kibali maalumu.

Lakini kuna jambo moja lisilohitaji mgeni wala kibali. Anayevuna ukindu kwa ajili ya mikeka, miyaa ya mkoma kwa ajili ya vikapu, au anayegema mvumo, aende akachungulie chini ya miti mikubwa. Akikuta miche ya kila kimo, shamba lake lina kesho. Akikuta nyasi na nyayo za mifugo tu, aanze kutafuta miti ya uzio.