Mashine ya Upepo katika Karakana ya Mkulima

Mkulima wa Migori au Homa Bay atakaye kununua kompresa, yaani mashine ya kushindilia upepo, asidanganywe na ukubwa wa tangi. Tangi huweka akiba tu. Kazi hutegemea kiasi cha upepo kitolewacho na pampu kila dakika. Kujaza gurudumu la trekta kwaweza kungoja. Kupuliza rangi hakungoji, maana upepo hutumika mfululizo.

Mashine na iwekwe mahali pa sawa, penye kivuli, mbali na vumbi. Hewa ya kando ya Ziwa Victoria ina unyevu mwingi, nao hugeuka maji ndani ya tangi. Basi kila jioni koki ya chini ifunguliwe polepole, maji yatoke. Tangi lililoliwa na kutu laweza kupasuka na kuua mtu, hata kama vali ya usalama ni nzima.