Mchumi wa Kilimo na Macho ya Mtoto

Ndugu msomaji, je, umewahi kumwona mtoto anayecheza vizuri mchana, lakini jua likizama anakaa karibu na mama yake wala hataki kutembea? Ukimtuma kikombe ndani ya nyumba, anapapasa ukuta. Anajikwaa kwenye kigoda ambacho mchana kutwa alikuwa anakiruka. Watu wengine husema mtoto huyu ni mwoga. Wengine husema ni mvivu. Mara nyingi si mwoga wala si mvivu. Haoni. Mwili wake umepungukiwa na vitamini A.

Leo tutazungumza juu ya vitamini hiyo. Lakini hatutaanza na daktari. Tutaanza na mchumi wa kilimo, yaani mtu ambaye kazi yake ni kuhesabu mazao, bei na mapato ya mkulima.

Nilipoeleza habari hizi Kighare, huko Usangi katika Milima ya Upare, mzee mmoja alicheka. Akaniuliza: "Mwanangu, huyo mchumi anatafuta nini kwenye chungu cha mke wangu? Si apime kahawa yangu aende zake?"

Swali la mzee ni zuri. Kwa miaka mingi wachumi wengi walifanya hivyo hivyo. Walipima kahawa wakaenda zao. Walifikiri kwamba mkulima akipata fedha zaidi, familia yake itakula vizuri. Ikila vizuri, watoto watakuwa na afya. Basi kazi yao ilikuwa kuongeza magunia na kutafuta bei nzuri.

Katika miaka ya 1980, wachumi wawili, Howarth Bouis na Lawrence Haddad, walikwenda kuchunguza jambo hili katika nchi ya Ufilipino. Walifika mahali ambapo wakulima wengine walikuwa wameacha mahindi na kulima miwa ya kiwanda. Wakahesabu mapato. Lakini hawakuishia hapo. Waliuliza pia kila nyumba inakula nini, na watoto wanaugua mara ngapi. Waligundua kwamba wakulima wa miwa walipata fedha zaidi. Hata hivyo, afya ya watoto wao wadogo haikupanda kama fedha zilivyopanda. Fedha zilikwenda kwenye mambo mengi, na watoto waliendelea kuugua.

Watu wa Upare hawahitaji kwenda Ufilipino kulielewa jambo hili. Kahawa ilipokuwa na bei nzuri ilijenga nyumba za bati na kusomesha watoto. Hayo ni maendeleo, na hakuna wa kuyabeza. Lakini bati haliliwi, na mtoto wa miaka miwili hanywi kahawa.

NJAA MBILI

Kuna njaa ya tumbo. Hii kila mtu anaijua. Tumbo likinguruma, unatafuta chakula. Kuna na njaa nyingine ambayo hainguruma. Mtoto ameshiba, tumbo limejaa, lakini mwili wake umekosa vitu vidogo ambavyo hauwezi kuishi vizuri bila hivyo. Vitamini A ni kimoja cha vitu hivyo.

Chukua makande. Mimi ni mpenzi wa makande, na sitaki mtu aseme nimeyatukana. Mahindi yanatia nguvu. Maharage yanajenga mwili. Lakini mahindi meupe hayana vitamini A ya kutosha macho ya mtoto, na maharage nayo hayana. Mtoto akila makande matupu asubuhi na jioni, mwezi hata mwezi, tumbo litashiba na macho yatabaki na njaa.

Wala si macho tu. Vitamini A husaidia mwili kupigana na magonjwa. Mtoto aliyepungukiwa nayo akipata surua au kuharisha, huugua sana, na anaweza kufa haraka kuliko mwenzake. Kwa hiyo yule anayepapasa ukuta jioni yuko katika hatari kubwa kuliko kujikwaa kwenye kigoda.

MCHUMI ANAULIZA: NANI ANALIMA, NANI ANAKULA?

Sasa turudi kwa mchumi. Jan Low ni mama Mmarekani. Alisomea uchumi wa kilimo katika Chuo Kikuu cha Cornell, mpaka akapata shahada ya udaktari. Huo ni udaktari wa elimu, siyo wa hospitali. Angeweza kufanya kazi ya kuhesabu magunia. Badala yake, sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ameitumia kwa viazi vitamu, hapa kwetu Afrika, akiwa na Kituo cha Kimataifa cha Viazi. Makao makuu ya kituo hicho yako Lima, Peru, nacho kina ofisi Nairobi.

Kwa nini viazi vitamu? Viazi vingi tunavyolima ni vyeupe ndani. Vinashibisha, lakini havina vitamini A ya maana. Viko viazi vingine ambavyo ndani vina rangi ya chungwa, kama karoti. Rangi hiyo ndiyo yenyewe. Mtu akiila, mwili huigeuza kuwa vitamini A. Hapa Tanzania watu wengi huviita viazi lishe. Kiazi kimoja kidogo, chenye uzito wa gramu 125 hivi, kinaweza kumtosheleza mtoto mdogo kwa siku nzima.

Hapo ndipo hesabu ya mchumi inapoanza. Je, nani analima viazi vitamu? Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki ni wanawake. Wanaume huviona ni zao la njaa, zao la kuzibia pengo. Basi ukimpa mama mbegu za viazi, zina njia fupi ya kufika kwenye sahani ya mtoto. Hazipiti kwenye mizani, wala hazipiti kwenye mfuko wa mtu mwingine.

Katikati ya miaka ya 1990, Low na wenzake wa Kenya walijaribu jambo hilo kwa vikundi vya wanawake huko magharibi mwa Kenya. Vikundi vyote vilipewa mbegu. Lakini vikundi vingine vilipewa pia mafunzo ya chakula cha mtoto na namna ya kupika viazi hivyo. Vikundi vilivyopata mbegu na mafunzo ndivyo vilivyobadilisha chakula cha watoto wao. Mbegu peke yake haikutosha.

Kazi iliyojulikana zaidi aliifanya na wenzake nchini Msumbiji, katika jimbo la Zambezia, miaka ya mwanzo ya 2000. Walifanya mambo matatu kwa pamoja. Waligawa mbegu. Walifundisha wazazi kijiji kwa kijiji. Kisha walitafuta soko, maana mkulima asiyeuza ziada yake huchoka, na mwaka unaofuata huacha zao hilo. Sokoni walijenga kibanda wakakipaka rangi ya chungwa, ili hata asiyejua kusoma ajue mara moja kinachouzwa pale.

Baada ya miaka miwili walipima damu ya watoto. Mwanzoni, kati ya kila watoto 100, watoto 60 walikuwa na upungufu wa vitamini A. Mwishoni walibaki 38. Katika vijiji ambavyo havikuingizwa katika mpango huo, hali haikubadilika.

Soma tena tarakimu hizo, ndugu msomaji. Watoto 38 kati ya 100 bado ni wengi, na mimi sitasema kwamba kiazi ni muujiza. Lakini 22 walitoka kwenye hatari kwa chakula kilichotoka kwenye shamba la mama yao.

Baadaye, magharibi mwa Kenya, shamba na kliniki vilifungwa kamba moja. Mama mjamzito akifika kliniki alipewa hati ndogo. Aliichukua mpaka kwa mkulima wa jirani, akapewa mbegu za viazi lishe. Kwa hiyo aliyekwenda kupima mimba alirudi na chakula cha mtoto ambaye bado hajazaliwa. Naona hili ni jambo la akili sana. Mara nyingi bwana shamba na muuguzi hupita njia moja bila kuulizana habari.

Mwaka 2016 Jan Low alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia, inayotolewa Marekani. Walikuwa wanne. Mmoja alikuwa yule yule Howarth Bouis wa miwa ya Ufilipino. Wengine wawili walikuwa wataalamu wa mbegu: Maria Andrade wa Cape Verde, aliyefanya kazi Msumbiji, na Robert Mwanga wa Uganda. Hawa wawili ndio waliokijibu kilio cha walaji. Maana viazi vya kwanza vya rangi ya chungwa vilikuwa na maji, laini kama uji, na sisi tunapenda kiazi kikavu chenye unga. Robert Mwanga na wenzake walitafuta aina zenye unga na zinazostahimili magonjwa ya huku kwetu. Mwaka 2007 Uganda ilitoa aina mbili, Kabode na Vita. Kabode imefika na Tanzania.

TATIZO NI KIANGAZI

Sasa tuje kwenye shamba lako. Viazi vitamu havina mbegu ya kuweka kwenye debe. Mbegu yake ni mashina yanayotambaa. Kanda ya Ziwa huyaita marando, na kati ya 2009 na 2012 huko kulikuwa na mradi wenye jina hilo, Marando Bora, uliowagawia wakulima mashina safi. Mashina yakikauka, mbegu imekwisha. Kiangazi kikiwa kirefu, na mbuzi wakifunguliwa, mvua ikirudi mama hana cha kupanda. Anapoteza wiki nyingi akiomba kwa majirani.

Wataalamu wamefundisha njia ya mchanga, na haina gharama kubwa. Wakati wa kuvuna, chagua viazi vidogo visivyo na jeraha wala tundu la fukusi. Chukua beseni au ndoo kuukuu. Weka mchanga mkavu, panga viazi visigusane, funika kwa mchanga mwingine, panga tena. Weka beseni mahali penye baridi na pakavu, mbali na panya. Wiki 6 hadi 8 kabla ya mvua, vitoe uvipande kwenye kitalu karibu na nyumba na uvimwagilie. Weka uzio, maana kuku na mbuzi wanayapenda majani yale kuliko sisi. Mvua ikianza, kiazi kimoja kinaweza kukupa vipande 40 hivi vya kupanda. Penye ndiva na mfereji, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Upare, maji ya kitalu hayasumbui sana.

Na jikoni je? Chemsha viazi na maganda yake, au vipike kwa mvuke. Vile kwa karanga zilizotwangwa, au mafuta kidogo, kwa sababu vitamini hii huhitaji mafuta ili iingie mwilini. Mtoto wa miezi 6 anaweza kupondewa na kulishwa, huku akiendelea kunyonya. Kabla ya miezi 6 maziwa ya mama yanamtosha. Usivikate na kuvianika juani ili kuviweka miezi mingi, kama Wasukuma wanavyofanya na michembe. Jua na siku nyingi hupunguza sana vitamini. Matembele nayo ni mboga nzuri. Mchicha, mnafu, maembe mabivu, mapapai na maboga ya rangi ya chungwa vyote vina vitamini A, basi usivisahau kwa sababu umepata kiazi kipya.

Lakini kama mtoto wako tayari anapapasa ukuta jioni, usisubiri mavuno. Mpeleke zahanati kesho asubuhi. Pia mpeleke kupewa matone ya vitamini A, ambayo hutolewa mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba, kwa watoto wa miezi 6 mpaka miaka 5. Chukua na kadi yake.

Nilipomaliza kueleza haya, yule mzee wa Kighare hakucheka tena. Alikaa kimya kidogo, akichora chini kwa fimbo yake. Kisha akaniuliza kama kitalu hicho kinaweza kukaa kwenye kona ya mfereji, pale anapopanda kabichi za kuuza. Nikamwambia, "Baba, kona ni nzuri. Lakini atakayemwagilia ni mama. Mwulize yeye." Akainuka, akasema atamwuliza jioni ile ile.