Nyota Ndogo Isiyohama

Tazameni parabole zilizofungwa juu ya paa za nyumba mjini. Fundi akiisha kuielekeza na kuikaza, haigusi tena. Jua hutembea, mwezi hutembea, lakini parabole haigeuki. Yasikiliza nini, basi? Yasikiliza setilaiti, yaani chombo kilichorushwa na watu kiizunguke dunia, nacho chaonekana kama kimesimama mahali pamoja.

Siri yake ni mwendo. Chombo kilicho karibu na dunia chaizunguka mbio, kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Kilicho mbali chaenda polepole. Kwenye kimo cha kilomita 35,786 juu ya mstari wa ikweta, mzunguko mmoja wachukua saa 23 na dakika 56, ndio muda ambao dunia yenyewe yajigeuza. Hivyo chombo na dunia huenda pamoja bila kuachana. Mstari huo wa ikweta wapita karibu na Mbandaka, kwa hiyo parabole za kwetu zaweza kutazama juu sana. Kule Alaska, kaskazini mwa Amerika, hutazama karibu na mwisho wa upeo, na kilima kimoja chatosha kuziba njia.

Vyombo vya kwanza vya namna hii vilikuwa vidogo kwa lazima. Harold Rosen na wenzake, wahandisi wa kampuni ya Hughes huko California, walijua kwamba roketi za siku zile hazingepandisha mzigo mzito hata kimo kile. Wakabuni pipa lenye upana wa sentimita 71, lililozungushiwa vipande vya kunasa nguvu za jua. Wakalizungusha kama pia ya watoto, lisimame imara pasipo mitambo mingi. Syncom 1, iliyorushwa tarehe 14 Februari 1963, ilinyamaza mara. Syncom 2, yenye uzito wa kilo 39 hivi, ilipanda tarehe 26 Julai. Na tarehe 23 Agosti Rais Kennedy, akiwa Washington, aliongea kwa njia yake na Waziri Mkuu wa Nigeria, Abubakar Tafawa Balewa, aliyekuwa melini katika bandari ya Lagos. Sauti ya Afrika ilikuwamo tangu mwanzo! Mwaka uleule, tarehe 4 Desemba, Mtaguso wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya upashanaji wa habari, Inter Mirifica.

Baadaye roketi zikapata nguvu, na vyombo vikanenepa hata kufikia tani 6. Faida ni kubwa, lakini hasara nayo yawa kubwa. Nigeria ilirusha NigComSat-1, yenye tani zaidi ya 5, mwezi wa Mei 2007. Novemba 2008 mabawa yake ya jua yaliharibika, ikaishiwa nguvu, ikafa. Ya kuichukulia nafasi ilifika angani Desemba 2011. Taifa zima lilingoja miaka mitatu kwa sababu ya chombo kimoja.

Ndiyo maana mafundi wanaurudia udogo. Hispasat 36W-1, iliyorushwa kutoka Kourou tarehe 28 Januari 2017, ilijengwa kwa mpango wa Ulaya uitwao SmallGEO. Lakini ilikuwa na tani 3 hivi, na udogo huo twauona wa ajabu kidogo. Kampuni ya Astranis ya Marekani yatengeneza vyombo vya kilo 400 hivi. Injini zake hutumia umeme kusukuma gesi, hivyo hazihitaji pipa kubwa la mafuta. Ila husukuma polepole, na chombo kidogo hakibebi sauti na picha nyingi kama kikubwa.

Chombo chao cha kwanza, Arcturus, kilipanda tarehe 30 Aprili 2023 kuwahudumia watu wa Alaska. Katika roketi ileile kilikuwamo ViaSat-3, chenye tani 6 na zaidi. Kufika Julai, vyote viwili vilikuwa na kilema: kidogo kilishindwa kugeuza mabawa yake yafuate jua, na antena ya kikubwa haikukunjuka vema. Watu wa Alaska wakaendelea kungoja. Tarehe 29 Desemba 2024 Astranis ilipandisha vyombo vidogo vinne kwa roketi moja.