Kulikoni, umefichwa au umesuswa?

UMETUPIA picha mtandaoni, maneno matamu, halafu kimyaa! Kabla hujawanunia mashoga zako, jua kuwa huenda mtandao wenyewe umekuficha kinyemela. Unaandika kama kawaida, ila wenzio hawakuoni.

Haya si maneno ya kijiweni. Desemba 2022 nyaraka za ndani za Twitter zilianikwa, ikaonekana profesa wa Stanford, Jay Bhattacharya, alikuwa kwenye orodha ya wasiotakiwa kuvuma. Naye alikuwa hana habari!

Tena vilikuwa vimeshazuka vifaa vya kupima kupitia kivinjari. Siri yake ndogo tu: vinakutazama kwa jicho la mgeni. Jina lako likitafutwa, linatokea? Ukimjibu mtu, jibu linaonekana? Lakini mwaka 2023 mtandao huo, ambao sasa unaitwa X, uliwafungia wageni utafutaji, na vipimo vingi vikapofuka.

Hapo ndipo matapeli wanapopenya. Kifaa kikikudai neno lako la siri, kikimbie kama ukoma! Utaikosa akaunti yote kwa kutaka kujua kama imefichwa.

Wa Instagram, fungua mipangilio, tazama hali ya akaunti: utaona kama posti zako zinaruhusiwa kupendekezwa kwa wasiokufuata. Wa X, mwombe mtu asiyekufuata akutafute. Bure kabisa!

Akikuona upesi, basi shoga, usiusingizie mtandao. Umesuswa tu!