Sifuri Nayo Iandikwe: Lahajedwali na Saa za Mtafiti

Lahajedwali ni ukurasa wa kompyuta uliogawanywa kwa safu wima na safu mlalo. Kila zinapokutana pana seli, na seli hubeba neno, namba au fomula. Wengi wamelizoea ofisini kwa bajeti, mishahara na alama za mitihani. Chombo hichohicho kinaweza kumhesabia mtafiti kitu ambacho mara nyingi hakihesabiwi: saa alizofanya kazi kweli.

Kazi ya utafiti haina kengele. Mwalimu ana vipindi, mwenye duka ana mauzo ya jioni. Mwandishi wa tasnifu anaweza kushinda mezani toka asubuhi hadi magharibi akijibu barua pepe, akipanga mafaili na kupakua makala, na usiku asijue kama sura imesogea. Kumbukumbu nayo hupendelea: siku ya kazi nyingi hukumbukwa wiki nzima, siku iliyopotea husahauliwa kesho yake.

Desturi ya kujiwekea hesabu ni kongwe kuliko kompyuta. Anthony Trollope, mwandishi wa Kiingereza wa karne ya 19, alitunga riwaya 47, kadhaa kati ya hizo akiwa bado mfanyakazi wa Posta. Aliandika alfajiri kabla ya kwenda kazini, saa ikiwa mbele yake, akijilazimisha kuandika maneno 250 kila robo saa. Kila alipoanza kitabu alitenga shajara iliyogawanywa kwa wiki, akajaza humo idadi ya kurasa za kila siku. Katika tawasifu yake iliyotoka mwaka 1883 alieleza kuwa shajara hiyo ilimsuta, kwa kuwa siku za uvivu zilibaki pale pale zikimtazama.

Karne moja baadaye, mwanasaikolojia Robert Boice wa Marekani aliwagawa wahadhiri 27 katika makundi matatu. Waliobanwa kuandika kila siku walitoa kurasa nyingi kuliko waliosubiri hamu iwajie, tena wakapata na mawazo mapya zaidi.

Kilicholetwa na kompyuta ni hesabu ya papo hapo. Mwaka 1978 Dan Bricklin, akisomea biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard, aliwazia ubao ambao namba moja ikibadilishwa, nyingine zote zinajirekebisha. Mwaka 1979 yeye na Bob Frankston walitoa VisiCalc, programu iliyolifikisha lahajedwali kwenye kompyuta ndogo za mezani. Excel ilifuata mwaka 1985. Leo LibreOffice Calc inapatikana bila malipo, na Majedwali ya Google hufunguka hata kwenye simu.

Lahajedwali la mtafiti linahitaji safu wima sita tu. A ni tarehe, B saa ya kuanza, C saa ya kumaliza, D aina ya kazi, E jumla ya saa, na F maelezo mafupi ya kilichofanyika. Kila kikao cha kazi hupewa safu mlalo yake. Seli za E hazijazwi kwa mkono, isipokuwa sifuri ya siku isiyo na kazi; hubeba fomula. Kwa kuwa programu huhifadhi muda kama sehemu ya siku, saa sita mchana ikiwa 0.5, tofauti ya kuanza na kumaliza huzidishwa kwa 24:

=MOD(C2-B2,1)*24

MOD imewekwa kwa ajili ya wanaokesha. Aliyeanza 22:00 akamaliza 1:00 amefanya kazi saa tatu. Bila MOD, fomula ingetoa hasi 21. Seli za E nazo zipangwe kuonesha namba ya kawaida, la sivyo jibu linaweza kujitokeza kwa sura ya saa ya ukutani.

Hapa mzungumzaji wa Kiswahili ana mtego wake. Programu huanza kuhesabu saa usiku wa manane, si mapambazuko. Saa 3 asubuhi iandikwe 9:00, na saa 3 usiku iandikwe 21:00. Zote mbili zikiandikwa 3:00, kompyuta itazisoma kuwa saa 9 za usiku. Urefu wa kazi unaweza kutoka sawasawa, lakini swali la kama mtu huyo huzalisha zaidi asubuhi au usiku halitajibika tena.

Mfano mdogo unaonesha lahajedwali linavyosema kweli au linavyodanganya. Mwanafunzi wa uzamivu amejipangia kikao kimoja cha saa mbili kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Jumatatu ameandika kuanzia 8:30 hadi 10:15, yaani saa 1.75. Jumanne amepata saa 2.5. Jumatano kulikuwa na msiba, hakugusa kitu. Alhamisi amesoma dakika 45, sawa na 0.75, na Ijumaa amefikisha saa 2. Jumla ni saa 7. Akiiruka Jumatano, fomula ya AVERAGE itagawa kwa siku nne na kumpa wastani wa 1.75, karibu na lengo. Akiandika tarehe ya Jumatano na sifuri mbele yake, mgawanyo unakuwa wa siku tano na wastani unashuka hadi 1.4. Programu haihesabu safu ambayo haikuandikwa. Sifuri ya Jumatano si aibu, na neno “msiba” kwenye safu ya F linaeleza sababu. Bila sifuri hiyo wastani ni wa kujifurahisha.

Fomula nyingine mbili zinatosha kwa mapitio ya wiki. =COUNTIF(E2:E6,">=2") huhesabu siku zilizofikia lengo; katika mfano huu ni mbili. =SUMIF(D2:D6,"Kuandika",E2:E6) hujumlisha saa za kuandika peke yake. Hii ya pili inataka majina yasiyobadilika: leo “Kuandika” na kesho “Uandishi” ni vitu viwili mbele ya kompyuta. Dawa yake ni kuweka orodha ya kuchagua kwenye safu ya D: kusoma, kukusanya data, kuchanganua, kuandika, kusahihisha. Baada ya mwezi huonekana kama kusoma kumemeza muda wote, au kama ni Alhamisi inayoanguka kila wiki.

Hatari zake zipo. Mchumi wa Kiingereza Charles Goodhart alitoa mwaka 1975 hoja ambayo leo hufupishwa hivi: kipimo kikigeuzwa lengo, hukoma kuwa kipimo kizuri. Anayejihesabia maneno ataandika maneno mengi na kuogopa kufuta, ilhali siku ya kupunguza aya mbili mbovu inaweza kuwa ya maana kuliko zote. Ndiyo sababu saa na aina ya kazi hufaa zaidi kuliko idadi ya maneno, hasa kwa anayefanya kazi maabara au uwandani. Hatari nyingine ni kulipamba lahajedwali kwa rangi na grafu mpaka lenyewe liwe kisingizio cha kutoandika. Safu wima ambayo haijasomwa kwa mwezi mzima ifutwe.

Kujaza kikao kimoja hakuchukui dakika, mradi kufanyike mara kazi inapoisha. Saa zinazokumbukwa Ijumaa kwa ajili ya Jumatatu ni za kubahatisha. Nakala ya faili iwekwe mahali pa pili, kwa sababu kompyuta huharibika na simu huibiwa. Anayetaka kuanza hahitaji kusubiri mwaka mpya: afungue faili tupu leo, aandike vichwa sita, na kama siku imepita bila kazi, aanze na sifuri.