Vifo vya Soitsambu Havina Daftari

Ubishi juu ya idadi ya watu waliokufa kwa korona nchini mwetu haujakwisha, ijapokuwa wengi wamekwisha kuyasahau maradhi yenyewe. Wako washikiliao kwamba Serikali ilificha maiti, na wako washikiliao kwamba wapinzani na mabalozi wa nchi za nje walizua maiti ambazo hazikuwapo. Tumezisikiliza pande zote mbili kwa miaka kadhaa sasa. Kwa maoni yetu, zimekuwa zikigombania tarakimu ambayo hakuna hata upande mmoja uliokuwa nayo mkononi.

Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi, 2020, mjini Arusha. Mapema mwezi wa Mei hesabu ya Tanzania, Bara na Visiwani pamoja, ilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, ikabaki hapo kwa zaidi ya mwaka mzima. Tarehe 3 Mei, akiwa Chato, Rais John Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai na za mbuzi zilipelekwa katika maabara ya Taifa kwa majina ya watu, na baadhi yake zikarudi na majibu ya kuwa na maradhi. Hatusemi kwamba haikuwa halali kuijaribu maabara. Lakini dosari ya kipimo, kama ilikuwapo, ilikuwa dosari ya kuhesabu wagonjwa. Kuhesabu waliozikwa hakuhitaji maabara, na kazi hiyo nayo iliachwa.

Isitoshe, woga ulikuwa umekwisha kuingia. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa ikawa ni kosa kutangaza jambo linalopinga takwimu rasmi. Kifungu hicho kililegezwa mwaka 2019, lakini tusishangae kama mtumishi wa zahanati hakuwa amepata habari ya kulegezwa kwake.

Sisi wa Visiwani tunayo siku ambayo haitatutoka. Tarehe 17 Februari, 2021, Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alifariki dunia katika Hospitali ya Muhimbili. Chama chake kilikuwa kimekwisha kuutangazia umma kwamba ameambukizwa korona. Kesho yake alizikwa Mtambwe, Pemba, mbele ya umati mkubwa, na majedwali ya dunia bado yakasoma vifo 21.

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba kama matangazo yangaliendelea, hesabu ingalikuwa kamili. Matangazo yalihesabu waliopimwa. Tuitazame Soitsambu, kata ya wafugaji huko Loliondo, wilayani Ngorongoro, karibu na mpaka wa Kenya. Hospitali inayotegemewa ni ya Wasso. Mzee akifa bomani kwa homa na kubanwa kifua, bila kupimwa, huzikwa na jamaa zake, na shughuli za mifugo huendelea. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, yataka taarifa itolewe ndani ya siku 30. Lakini nani atafunga safari ya kutwa nzima kwa ajili ya karatasi, ikiwa marehemu hakuacha fedha benki wala pensheni? Zaidi ya hayo, kwa mila ya zamani ya Wamasai jina la marehemu halitajwi ovyo. Afisa atakayekwenda bomani kudai jina hilo kwa sauti ya amri atarudi na ukurasa mtupu.

Liko na jambo jingine, nalo twaomba watendaji wa Serikali walisome kwa makini. Mwezi wa Juni 2022, alama za mipaka zilisimikwa katika kilomita za mraba 1,500 za Loliondo, na malisho yaliyokuwa yakitumiwa na vijiji kadhaa yakawa pori la akiba. Wananchi wa upande ule wamezoea kwamba mtu wa Serikali akija na kalamu anahesabu watu na ng'ombe kwa sababu ya ardhi. Wakimficha waliokufa, au wakimficha walio hai, hatuwezi kuuita huo ujinga.

Wengine walitumaini kwamba Sensa ya Agosti 2022 ingetegua kitendawili. Sensa iliuliza juu ya vifo vilivyotokea katika kaya ndani ya miezi 12 iliyotangulia, yaani tangu Agosti 2021. Vile vya 2020 na vya mwanzo wa 2021, ambavyo ndivyo vinavyobishaniwa, vilikwisha kupita.

Dunia nayo ilibishana. Mwezi wa Mei 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 na 2021 vilitokea vifo milioni 14.9 zaidi ya vile ambavyo vingalitazamiwa katika miaka ya kawaida, ambapo vilivyoripotiwa kuwa vya korona vilikuwa kiasi cha milioni 5.4. India, iliyokuwa imeripoti vifo 480,000 hivi, ilipewa makadirio ya milioni 4.7, nayo ikayakataa. Lakini India ilikuwa na madaftari ya kuletwa mezani, hata kama yana mapengo. Kwa nchi nyingi za Afrika wataalamu walilazimika kukisia kwa kutazama nchi nyingine, na nchi ambayo vifo vyake vimekisiwa hivyo haina hoja ya kukubali wala ya kukataa.

Mwezi wa Mei 2021 kamati iliyoundwa na Rais Samia Suluhu Hassan ilishauri takwimu zitolewe tena, na zikatolewa. Hilo tunalipongeza. Lakini kutoa takwimu wakati wa tauni ni kazi ya msemaji wa Wizara, na kuandika vifo wakati hakuna tauni ni kazi ya mtendaji wa kijiji. Kazi hii ya pili haijapata msukumo.

Njia ipo. Tangu mwaka 2013 Wakala wa Usajili, RITA, umekuwa ukiwapatia watoto wa chini ya miaka mitano vyeti vya kuzaliwa bila malipo, kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, mkoa baada ya mkoa. Kwa nini ofisi ile ile ya kata isipokee habari za vifo kwa masharti yale yale? Huku Visiwani sheha hupata habari kabla jeneza halijatoka nyumbani. Kule Soitsambu yupo mwenyekiti wa kitongoji na yupo laigwanani, ambao huambiwa misiba yote. Wapewe daftari, na waahidiwe kwa maandishi kwamba halitatumika katika shauri lolote la ardhi.

Tunaitaka Wizara ya Afya na RITA zianze na kata hiyo kabla mwaka wa fedha haujakwisha.