Je, Wajua? Vitumbua havihitaji ngano

Mtoto mwenye ugonjwa wa siliaki hapaswi kula gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Chapati, maandazi na sambusa za kawaida hazimfai. Lakini vitumbua na mkate wa kumimina hupikwa kwa mchele na tui la nazi, na bajia hutokana na kunde au dengu. Uji wa ulezi, mtama au mahindi nao unamfaa, mradi nafaka isisagwe kwenye mashine inayosaga ngano.

Tahadhari: wapishi wengine huongeza unga wa ngano kwenye vitumbua, na mafuta yaliyokaangiwa maandazi hubaki na gluteni. Pia, usimwachishe mtoto ngano kabla ya kipimo cha damu cha ugonjwa huu. Majibu yanaweza kupotosha.